Pesa Imekatwa, Meseji Haijaingia: Je, Imepotea?

Umemtumia mama shilingi 2,000, mtandao ukapotea kabla meseji haijaingia. Pesa iko wapi?

Kutuma pesa ni kazi mbili: kupunguza 2,000 kwenye salio lako na kuongeza 2,000 kwenye salio la mama. Kama mashine ingezima katikati, pesa ingepotea hewani. Kwa hivyo kazi hizo hufungwa pamoja kama muamala mmoja: zote zifanyike, au isifanyike hata moja. Namna ya kuzifunga hutegemea aina ya hifadhidata.

Hifadhidata ya majedwali

Hapa kila mteja ana mstari wake, kama kwenye daftari la chama. Mfano ni PostgreSQL. Programu hufungua muamala, hubadilisha mistari yote miwili, kisha huthibitisha. Umeme ukipotea kabla ya kuthibitisha, kila kitu hurudi kilivyokuwa.

Hifadhidata ya nyaraka

Hapa kila mteja ana waraka wake, kama faili kabatini. Mfano ni MongoDB. Kubadilisha waraka mmoja hakuna shida: yote hufanyika au hakuna. Lakini kutuma pesa kunagusa nyaraka mbili. MongoDB ilianza kufunga nyaraka kadhaa katika muamala mmoja mwaka 2018, toleo la 4.0. Kabla ya hapo, waandishi wa programu walijipangia wenyewe: weka alama ya "inasubiri", punguza huku, ongeza kule, toa alama. Ikikwama, rudisha.

Na ukituma benki?

Benki ina hifadhidata yake, tofauti na ya kampuni ya simu. Hakuna upande unaoweza kuzifunga zote mbili peke yake, kwa hivyo njia ya "inasubiri" bado inatumika. Ndiyo maana pesa ya benki inaweza kukawia, halafu ifike au irudishwe kwako.

Ufanye nini?

• Usitume tena haraka. Kwa mfumo, huo ni muamala mpya, na mama anaweza kupata 4,000.
• Angalia salio na taarifa ya akaunti yako kwanza. Meseji inaweza kuchelewa hata kama pesa imefika.
• Kama imekatwa na haijafika, piga huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya muamala, kiasi na saa uliyotuma. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anakurudishia pesa.