Baraka si Hirizi



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlio Kisangani, na ninyi mlio katika vijiji vya kando ya mto na vya ndani ya msitu, leo twataka kusema nanyi habari ya baraka. Mara nyingi watu hutujia wakiomba tuwaitie Padri abariki nyumba mpya, shamba, mbegu, mtumbwi au wavu. Ni ombi jema. Lakini je, twajua maana ya jambo tunaloliomba?

Jioni moja mvuvi alitujia. Mtumbwi wake ulikuwa umebarikiwa na Padri, ukanyunyiziwa maji ya baraka mbele hata nyuma. Kabla ya mwezi kwisha, mtumbwi ukapasuka katika maji ya nguvu. Nyavu zikapotea, na mdogo wake akaokolewa kwa shida, mkono wake umevunjika. Mvuvi akatuuliza: «Katekista, baraka ya Padri ina nguvu gani? Wazee wangu walifunga hirizi katika mitumbwi yao, nao walizeeka mtoni.» Nasi tukamjibu upesi kwamba imani yake ni haba. Akanyamaza, akaenda zake. Jumapili tatu hatukumwona kanisani.

Ndugu, jibu lile halikuwa la mwalimu. Mwenye jeraha haponi kwa kukaripiwa. Somo hili ndilo jibu lililotupasa kumpa jioni ile.

Baraka ni nini? Kristu mwenyewe aliweka Sakramenti saba, nazo zatupa neema. Baraka si mojawapo ya hizo saba. Ni kisakramenti, yaani ishara takatifu iliyowekwa na Kanisa, ili kutuandaa kupokea neema na kutakatifuza mambo ya kila siku. Nguvu yake yatoka katika sala ya Kanisa zima, nayo huzaa matunda katika moyo ulio tayari kupokea. Tunapobariki mtumbwi, twafanya mambo mawili: twamsifu Mungu aliyeumba mti na mto, tena twamwomba awalinde watakaopanda na kuwasaidia waitumie kazi yao vema.

Basi, hirizi na baraka zatofautianaje? Mwenye hirizi ataka kuishika nguvu mkononi na kuiamuru. Mwenye baraka ajitia mwenyewe katika mkono wa Mungu. Hirizi haimwulizi mtu kama asema kweli, kama amlipa mwenzake haki yake, au kama apatana na mkewe. Baraka yamwuliza hayo yote. Kwa hiyo, akiyafanya maji ya baraka kuwa kama dawa ya mganga, Mkristu ameichukua tena hirizi kwa jina lingine.

Tazameni sasa historia ya misioni yetu. Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alizaliwa Ufaransa mwaka 1860. Kwanza alitumwa Ekwado, katika Amerika ya Kusini. Huko serikali ilibadilika, na wamisionari wakafukuzwa. Angaliweza kusema kwamba baraka aliyopewa wakati wa kutumwa imepotea bure. Hakusema hivyo. Mwaka 1897 alikuja Kongo, akapanda mto hata Stanley Falls, yaani hapa kwetu, na siku ya Noeli mwaka uleule akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1908 akawa Askofu. Aliacha uongozi mwaka 1933, akafariki mwaka 1942, akiwa miongoni mwa watu aliowahubiria.

Je, kazi hii ilikuwa ya mtu mmoja? Hasha. Padri mmoja hawezi kufyatua matofali, kulima, kuuguza wagonjwa, kufundisha watoto na kutembelea vijiji vyote vya msitu. Walikuwako mapadri, mabruda na masista. Walikuwako pia makatekista waliotembea kwa miguu na kwa mitumbwi, wakakaa vijijini na kusalisha watu Padri asipokuwako. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba apandaye na atiaye maji ni watumishi tu; akuzaye ni Mungu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Mfano mwingine tunao mbele ya macho, pale Wagenia, penye poromoko la mwisho kati ya maporomoko 7 ya Boyoma. Wavuvi husimamisha magogo makubwa katika maji yaendayo kasi, huyafunga kwa kamba za msitu, kisha hutundika migono mikubwa iliyosukwa. Nani awezaye kusimamisha gogo lile peke yake? Mmoja hushika, mwingine hufunga, mwingine huvuta. Akilegea mmoja, mto humchukua mwenzake. Jumuiya ya Wakristu ni hivyo hivyo.

Lakini huenda mtu akauliza: Na akibarikiwa mtu, kisha akapatwa na mabaya? Ndugu, mwaka 1964 vita vilifika kwetu. Sista Anuarite Nengapeta, wa Shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba mwaka ule, kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake. Joseph Wittebols, Askofu wa Wamba, aliuawa siku chache kabla yake. Je, hao hawakubarikiwa? Walibarikiwa! Baraka haikuwaondolea msalaba. Iliwapa nguvu ya kuuchukua. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite Mwenye Heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985.

Turudi kwa mvuvi wetu. Jumapili ya nne tulikwenda kwake, sisi na Wakristu wengine watatu, tukamwomba msamaha kwa neno letu gumu. Kisha tukautazama mtumbwi uliopasuka. Akatuambia kwa sauti ndogo: «Ufa huu nilikuwa nimeuona. Nikafikiri, baraka yatosha.» Nasi tukaona haya, kwa sababu siku ya baraka tulisimama palepale tukiimba, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kutazama chini ya mtumbwi. Kosa halikuwa lake peke yake.

Basi jumuiya ikakata mti. Wengine walichonga, wengine walichoma moto ndani ya gogo ili litanuke, na kina mama walileta chakula. Mdogo mtu, mkono wake umefungwa bado, alikaa karibu akionyesha kwa kidole mahali penye kasoro. Mtumbwi ulipokwisha, tulimwita Padri. Safari hii waliotoa jasho walisali kwa sauti moja, na kila mmoja alijua analoomba.

Jueni pia, tangu Kitabu cha Baraka cha mwaka 1984, Kanisa laruhusu walei kuongoza baadhi ya baraka: wazazi kwa watoto wao, na katekista aliyepewa ruhusa. Mlei huunganisha mikono na kuomba, hajifanyi Padri. Baba na mama, msiwanyime watoto wenu ishara ya msalaba usoni kila jioni.

Tuulizane sasa, tushike somo.

Swali: Baraka yatoka kwa nani?
Jibu: Yatoka kwa Mungu, kwa sala ya Kanisa.

Swali: Je, baraka yaondoa kazi na uangalifu?
Jibu: La. Aliyebarikiwa mtumbwi na azibe ufa.

Swali: Je, baraka yatukinga na kila taabu?
Jibu: La. Yatutia nguvu tumfuate Kristu hata katika taabu.

Swali: Yatupasa nini tunapoona mwenzetu amebarikiwa?
Jibu: Yatupasa kumsaidia.

Azimio la juma hili: kabla ya kumwita Padri abariki kitu, tukitengeneze kwanza, tupatane na jirani, tena tumtafute ndugu aliyeacha kuja kanisani, tumsikilize kabla ya kumjibu.

Ee Mungu, bariki mikono yetu, utufundishe kuiunganisha. Amina.