Mafuta ya Breki Huzeeka Hata Yasipopungua

Mkulima mwenye gari huitunza injini yake vizuri. Kila asubuhi huchomoa kijiti na kupima oili, tena hutazama maji. Lakini ukimwuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, mara nyingi atakujibu, "Hayajapungua." Jibu hilo halitoshi. Mafuta ya breki yaweza kufika kwenye alama ya juu na huku yamekwisha kuharibika. Sababu yake ni maji, nasi tukaao pwani tuna maji mengi katika hewa yetu.

Jinsi breki inavyofanya kazi

Ukikanyaga breki, mguu wako husukuma mafuta katika vibomba vyembamba mpaka kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote. Pale gurudumuni pedi hubana chuma, na mwendo wa gari hugeuka kuwa moto. Gari likiwa na mzigo mzito, moto nao huzidi.

Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni. Maji hupenya kidogo kidogo katika mipira na kwenye kifuniko cha chombo. Yakichanganyika na mafuta, mafuta huchemka upesi kuliko ilivyopasa. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo utakanyaga breki, nayo itazama mpaka chini bila kushika.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Kwale anayeleta maembe Mombasa. Vilima vya Shimba hupanda zaidi ya mita 400 juu ya bahari, naye hana budi kuteremka na gunia juu ya gunia. Akikanyaga breki njia nzima, huzichemsha kabla hajafika tambarare. Kisha mbele yake uko mteremko wa kuingia feri ya Likoni, wenye magari na watu waendao kwa miguu. Mahali hapo si pa kujaribia breki zilizochoka.

Namba zilizo kwenye chupa

Chupa ya mafuta ya breki huandikwa DOT na namba. Viwango hivi viliwekwa na Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, na huonyesha kiasi cha chini cha joto ambalo mafuta hayo hustahimili kabla ya kuchemka:

DOT 3: yakiwa mapya, digrii 205 za Selsiasi, yakiisha kunywa maji, 140.
DOT 4: mapya 230, yenye maji 155.
DOT 5.1: mapya 260, yenye maji 180.

"Yenye maji" maana yake ni kiasi cha sehemu 4 tu za maji katika kila sehemu 100. Basi tazama jinsi maji machache yanavyoondoa nguvu nyingi.

Soma kifuniko cha chombo cha breki katika gari lako, kwani namba inayotakiwa mara nyingi imeandikwa hapo. Gari la DOT 3 kwa kawaida laweza kutiwa DOT 4, lakini gari linalotaka DOT 4 lisirudishwe kwenye DOT 3. Jihadhari na DOT 5 isiyo na nukta moja. Hiyo hutengenezwa kwa silikoni, wala haichanganyiki na hizo nyingine. Usitie kamwe oili ya injini wala mafuta ya giaboksi katika breki. Mipira ya ndani itavimba na breki zote zitaharibika.

Nunua chupa ndogo ambayo haijafunguliwa. Ukienda kwa fundi Tononoka au penginepo, mwombe aifungue mbele yako. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu imekwisha kunywa hewa ya bahari, hata kama ni ya bei nafuu.

Kubadilisha mafuta ya breki

Watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Kwa hewa yetu ya unyevu, usingoje zaidi ya hapo. Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Simamisha gari mahali tambarare na uzuie magurudumu kwa mawe. Likiinuliwa, liwekwe juu ya vigingi imara, si juu ya jeki peke yake.
2. Futa vumbi kwenye kifuniko kabla ya kukifungua. Nyonya mafuta ya zamani yaliyomo chomboni, kisha tia mapya.
3. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na chombo. Katika magari yetu ya usukani wa kulia, mara nyingi ni la nyuma kushoto. Kitabu cha gari kikiagiza vingine, fuata kitabu.
4. Vika mpira mwembamba kwenye nipeli, na ncha ya pili iingie katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki.
5. Mwenzako akanyage breki na kushikilia. Legeza nipeli, mafuta yatoke, kisha kaza. Ndipo aachie mguu. Akiachia mapema, hewa itaingia.
6. Rudieni hivyo mpaka mafuta yatoke meupe bila mapovu, kisha nendeni gurudumu jingine. Ongezeni mapya kila mara, chombo kisikauke.
7. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Yakidondoka kwenye rangi ya gari, osha mara moja kwa maji, kwani hula rangi.

Kabla ya kuingia barabarani, kanyaga breki. Lazima iwe ngumu. Ikiwa laini kama sponji, hewa ingali imo. Gari lenye breki za ABS huenda likahitaji chombo maalumu cha fundi.

Tena kumbuka: mafuta yakipungua chomboni, usiongeze tu. Ama pedi zimelika, ama pana mahali yanapovuja. Tafuta sababu kwanza.

Mafuta ya giaboksi

Magari mengi yashukayo bandarini kwetu yametumika Japani, na kitabu chake, kama kimo, huwa cha Kijapani. Kwa hiyo watu hukisia. Kukisia huku ni ghali, kwa maana giaboksi ziko za namna mbalimbali, na kila moja ina mafuta yake.

Giaboksi ya mkono hutumia oili nzito. Chupa zenye GL-4 na GL-5 si kitu kimoja: baadhi ya GL-5 hudhuru vipande vya shaba vilivyo ndani ya giaboksi iliyotengenezwa kwa GL-4. Giaboksi ya otomatiki hutumia mafuta mepesi, mara nyingi mekundu. Ile ya mkanda, iitwayo CVT, hutaka mafuta ya CVT yaliyotajwa na mtengenezaji. Rangi peke yake isikudanganye. Tafuta jina la mafuta kwenye kijiti cha kupimia au kwa wakala, ukitaja namba ya chesisi.

Mafuta ya otomatiki yakinuka kuungua au yakiwa meusi, mwone fundi. Anapobadilisha, apime yaliyotoka na kutia kiasi kile kile. Kisha kipimo kihakikishwe kama kitabu kinavyoagiza, kwani magari mengi hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma.

Usalama nyumbani

Mafuta ya breki ni sumu. Usiyatie katika chupa ya soda, mtoto asije akayanywa. Wala usimwage oili chafu uani, maana mawe yetu ya matumbawe hupitisha mambo upesi mpaka kisimani. Ikusanye katika debe na kuipeleka kwa wanaokusanya oili chafu.

Ukiteremka na mzigo, tia gia ndogo tangu juu, ili injini ishike gari na breki zipoe. Breki ikizama, ikanyage upesi upesi, punguza gia, na uvute breki ya mkono pole pole.

Jioni ya leo fungua boneti, utazame chombo cha breki. Ukisha kubadilisha mafuta, andika tarehe katika kipande cha plasta na kukibandika hapo karibu. Mwaka kesho kutwa, hutakuwa na haja ya kukisia.