BABU ALIZALIWA WAPI?

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini je, msomaji mpenzi, asili yenyewe ikiwa imeandikwa mara tatu na kila karatasi inasema lake?

Shida hii wanaijua sana Wakenya ambao wazee wao walitoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901. Vibarua hao walikuwa kama 32,000, wengi wao Wapunjabi. Takriban 2,500 walifariki wakati wa ujenzi, na wapatao 6,700 wakabaki huku kazi ilipokwisha.

Tuchukue mfano wa seremala Kalasinga aliyezaliwa 1875. Karatasi ya safari yasema Karachi. Cheti cha kifo chasema Lyallpur. Pasipoti ya mwanawe yasema tu kwamba baba alitoka India. Wajukuu nao wamegawanyika: hawa eti sisi ni wa Pakistani, wale eti India, hata harusini hawaketi meza moja! Nani mkweli?

Kwanza, karatasi hazihesabiwi kama kura. Mbili zaweza kuwa zimenakili kosa la moja. Uliza: nani alimwambia karani, na lini? Cheti cha kifo hakijazwi na marehemu, bwana! Hujazwa na mwana au jirani, anayesema alivyosikia.

Sasa tazama Karachi. Hiyo ilikuwa bandari ya kupandia meli. Ni kama mtu wa Mumias kuandikwa mzaliwa wa kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, kwa kuwa alipandia basi pale.

Lyallpur ndiyo tamu zaidi. Mji huo ulianzishwa miaka ya 1890, mifereji ilipopeleka maji nyikani na watu wa wilaya za mashariki, kama Jullundur na Amritsar, wakapewa mashamba huko. Mtu wa 1875 angezaliwaje katika mji ambao haukuwapo? Yaelekea jamaa zake walihamia baadaye. (Ukiutafuta kwenye ramani ya leo hutauona, tangu 1977 unaitwa Faisalabad.)

Na ule ugomvi wa India na Pakistani? Kabla ya Agosti 1947 Pakistani haikuwapo. Punjab ilikatwa vipande viwili, hata wilaya moja ya Gurdaspur ikagawanywa: Shakargarh ikaenda Pakistani, sehemu nyingine zikabaki India. Basi usiulize nchi, uliza kijiji.

Kwa kijiji, jamaa wengi wa Kihindu na Kikalasinga wana bahati. Huko Hardwar, kando ya mto Ganga, makuhani wana madaftari marefu ya koo, yaliyopangwa kwa kijiji cha asili. Kila ukoo unapozuru, waliozaliwa, waliooa na waliofariki huongezwa. Ila jihadhari: akina Singh ni maelfu. Jina la babake na la nduguze yakilingana na mnayoyajua nyumbani, hapo umempata.

Cheti chenye kosa nacho usikitupe. Kile cha Lyallpur ndicho kitakachokuonyesha ndugu zake walikohamia.