Breki zikianza kulia, usiongeze sauti ya redio

Ijumaa moja baada ya swala mpwa wangu alinijia na Subaru Impreza WRX yake. Kabla hajazima injini nilishasikia gurudumu la mbele likisaga kama kinu. Nikamuuliza imeanza lini. "Mjomba, wiki tatu hivi. Mwanzo ulikuwa mlio mwembamba tu, nikawa naongeza redio."

Tulipofungua tairi, pedi ya ndani ilikuwa imekwisha hadi kwenye bati na diski imechimbika mfereji. Kazi ya kubadilisha pedi ikawa kazi ya pedi na diski pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ule mlio mwembamba si hitilafu. Pedi nyingi zina kipande kidogo cha chuma kilichowekwa makusudi kigusane na diski pedi zinapokaribia kwisha. Ni mwadhini wa breki: akiita, itika. Pedi ikibaki unene wa milimita 3, ibadilishe. Na diski nayo ina kipimo chake cha mwisho, aghalabu kimepigwa muhuri ubavuni. Ikipungua chini ya hapo haifai tena, hata kama inang'aa.

Kwa gari la kasi jambo hili ni zito zaidi. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na ukizidisha kasi mara mbili, joto la kuondoa huwa mara nne. Hebu fikiria mteremko wa Mazeras, lori mbele yako, na pedi zimebaki bati.

Kazi hii yaweza kufanyika nyumbani ukiwa na vifaa na subira. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu, si mchangani. Ukianza na mbele, vuta breki ya mkono, weka gia, kisha zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi. Legeza nati za tairi kwa soketi namba 19 gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Gari likishainuka, liweke juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, na matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Toa tairi. Kwenye kalipa za kuteleza kama za gari la mpwa wangu, ukifungua bolti ya chini, aghalabu kwa spana namba 14, kalipa huinuka na pedi hutoka. Ukitaka kuitoa yote, itundike kwa waya. Usiiache ikining'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa dawa ya kusafishia breki.

Diski ikigoma kutoka, mara nyingi ina matundu mawili yenye hesi. Kaza bolti za milimita 8 humo, moja baada ya nyingine, nayo itajisukuma yenyewe. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, kwa hivyo ioshe kwa ile dawa kabla ya kuifunga.

Hapa Pwani kuna adui wa ziada, nao ni upepo wa chumvi. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake hushika kutu na kugoma, na pedi moja ikabeba kazi ya mbili. Ndiyo maana pedi ya ndani ya mpwa wangu ilikwisha na ya nje ilikuwa bado nene. Chomoa pini hizo, zisafishe, uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huharibu mipira yake. Wala usiache tone la grisi lifike kwenye uso wa pedi au diski.

Kabla ya kurudisha pistoni ndani, fungua kifuniko cha mkebe wa mafuta ya breki na uangalie yasifurike, kwani hula rangi ya gari. Sukuma pistoni polepole kwa jiriwa ndogo ukiikinga kwa pedi kuukuu. Ukifanya za nyuma kwenye gari hili, ziba magurudumu ya mbele na uachie breki ya mkono, maana viatu vyake vimo ndani ya diski ya nyuma.

Badilisha kulia na kushoto pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta. Ukimaliza, kanyaga breki mara kadhaa hadi kanyagio liwe gumu, kabla gari halijasogea hata hatua moja. Kanyagio la kwanza huenda hadi chini, na hapo ndipo watu hugonga ukuta wao wenyewe.

Kisha tafuta barabara tulivu. Punguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, halafu endesha taratibu zipoe. Kilomita 300 za mwanzo epuka breki za ghafla.

Lakini ukiona mafuta yanavuja, kanyagio linazama au taa ya breki inawaka, weka spana chini uite fundi anayeaminika. Hapo si pa kujifunzia.

Wako watakaosema ajali ni kadari. Ni kweli, lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha ndio tutawakali. Mpwa wangu siku hizi huendesha redio ikiwa chini.