Usajili Hupimwa kwa Pengo, Si kwa Jina

Dirisha kubwa la usajili likifunguliwa katikati ya mwaka, vijiwe vya Mkata huwaka moto. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, pale anapochepuka anayekwenda Handeni, na mashabiki wake wamegawanyika kama ilivyo kwingi nchini: huku Yanga, kule Simba, na wapo wanaosimama na Coastal Union, timu ya mkoa wao. Jina jipya likitangazwa, hukumu hutoka kahawa ikiwa bado ya moto. Huyu mashine! Yule garasa! Safari hii tumepigwa!

Mapenzi hayo ndiyo uhai wa mpira wetu. Lakini hukumu nyingi za aina hiyo huangalia sifa za mchezaji alikotoka na kusahau timu anayoijia. Mchambuzi anayeupima usajili kwa makini huanza upande wa pili: timu ilikuwa inakosa nini?

Mfano mzuri wa kipimo hicho cha kwanza uko hapa hapa Tanga. Msimu wa 2023/24 Coastal Union ilimaliza Ligi Kuu ikiwa nafasi ya nne na kujipatia tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Haikufika huko kwa mvua ya mabao. Ilifika kwa ugumu wa ukuta wake, na langoni alisimama Ley Matampi, Mkongo aliyekuwa kipa wa DR Congo iliyotwaa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, mwaka 2016. Alikuwa ameshavuka miaka 30, umri ambao wengi wakiusikia husema klabu imechukua mzee. Mwisho wa msimu ndiye aliyekuwa kipa bora wa ligi. Timu isiyofunga sana huhitaji kwanza mtu wa kulinda kile kidogo inachopata, na Matampi aliziba pengo hilo.

Kipimo cha pili ni mazingira. Luis Miquissone alitua Simba Januari 2020 akitokea Msumbiji. Februari 2021 alifunga bao pekee lililoizamisha Al Ahly ya Misri jijini Dar es Salaam, Simba ikaongoza kundi lake katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka huo huo Al Ahly wenyewe wakamnunua. Alipoirudia Simba mwaka 2023, moto ule haukuonekana tena. Mchezaji ni yuleyule na jezi ni ileile, ila kocha, wenzake wa kucheza nao na hali yake ya ushindani vilikuwa vimebadilika. Ubora hausafiri peke yake. Klabu inayomsajili mtu kwa kumbukumbu ya alivyokuwa hununua historia, na historia haifungi mabao.

Cha tatu ni muda. Stephane Aziz Ki alipoingia Yanga mwaka 2022 kutoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast, matarajio yalikuwa makubwa mno, na msimu wake wa kwanza uliwaacha baadhi ya mashabiki wakinung'unika. Msimu wa pili alifunga mabao 21 ya ligi na kuibuka mfungaji bora, mbele ya Feisal Salum wa Azam aliyefunga 19. Aliyemhukumu baada ya mechi kumi alikosea. Mgeni huhitaji kuzoea viwanja, safari, hali ya hewa na lugha ya uwanjani. Kwa nafasi nyingi, msimu mmoja mzima ndio muda wa haki wa kuanza kutoa maksi.

Cha nne ni thamani, yaani kile ambacho klabu ilipata kwa ilichotoa. Fiston Mayele alijiunga na Yanga mwaka 2021 kutoka AS Vita ya Kinshasa. Katika misimu miwili alibeba mataji ya ligi, akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika msimu ambao Yanga ilifika fainali dhidi ya USM Alger, kisha mwaka 2023 akauzwa Pyramids ya Misri. Huo ni usajili uliolipa uwanjani na ukalipa tena mezani. Lakini kumbuka pia kwamba katika msimu wa kwanza wa Mayele hapa nchini, 2021/22, kiatu cha mfungaji bora hakikwenda kwake. Kilikwenda kwa George Mpole wa Geita Gold, Mtanzania aliyefunga mabao 17 katika klabu isiyo na fedha za Simba na Yanga. Vipaji vya bei nafuu vipo nyumbani, ila vinataka jicho la kuvitafuta.

Hata ukizingatia yote hayo, bahati nayo ina nafasi yake. Huko Marekani, katika mpira wao wa Kimarekani, timu huchagua vijana kwa zamu, na iliyofanya vibaya ndiyo huanza. Wataalamu wawili, Cade Massey na Richard Thaler, ambaye mwaka 2017 alipata Nobel ya uchumi, walichunguza chaguo hizo za miaka mingi. Waligundua kwamba timu huzithamini kupita kiasi zamu za mwanzo na huuamini mno uwezo wao wa kubashiri nani atakuwa bora. Tom Brady, mmoja wa vijana waliosubiri kuchaguliwa, aliachwa mwaka 2000 hadi wakachaguliwa wenzake 198. Baadaye akatwaa ubingwa mara 7. Ikiwa wenye maskauti kila kona na kompyuta za kila aina hukosea hivyo, viongozi wetu wanapaswa kuwa wanyenyekevu zaidi. Usajili mzuri unaweza kuharibiwa na jeraha la goti, na usajili wa kubahatisha unaweza kuzaa bingwa. Kwa hiyo pima pia namna uamuzi ulivyofikiwa: je, kocha alimtaka? Kuna aliyekwenda kumtazama uwanjani, au klabu iliridhika na video za dakika tano?

Maswali hayo yana uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa kanuni zinaweka kikomo cha wachezaji wa kigeni. Kila nafasi inayopewa mgeni asiyecheza ni nafasi aliyonyimwa mgeni bora, na mara nyingi ni dakika alizonyimwa kijana wa nyumbani.

Basi, wana Mkata na mashabiki wenzangu kote nchini, dirisha lijalo likifunguliwa andikeni kwanza mapengo matatu ya timu zenu, kabla jina lolote halijatangazwa. Msimu ukiisha, rudini kwenye karatasi hiyo muone ni mangapi yamezibwa. Viongozi wanaojua kwamba mashabiki watawadai hesabu ya namna hiyo watasajili kwa akili zaidi.