Chesi: mashini inajua kufungua mchezo, ao inakariri tu?

Ukicheza chesi, mchezo ule wengi kwetu wanaita échecs, na programu ya simu ao ya ordinatere, angalia jambo moja. Mara nyingi hatua za kwanza mashini inajibu palepale. Ikifika hatua ya nane ao ya kumi, inaanza kuchelewa. Watu wanadhani mwanzo ni rahisi, ndiyo maana inaenda mbio. Ni kinyume. Mwanzo ni fasi ngumu sana kwa mashini, na kwa miaka mingi ilikuwa haifikiri hapo hata kidogo.

Tuchukue hesabu. Mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua. Mwenye nyeusi naye ana 20. Kila mmoja akisha kucheza mara moja, njia ni 400. Wakicheza mara mbili mbili, zinafika 197 281. Na katika nyingi ya njia hizo hakuna kete iliyoliwa. Mashini inahesabu vizuri pale kuna kitu cha kuhesabu: farasi anaondoka, mfalme anashambuliwa. Lakini kosa la hatua ya tano linaweza kuonekana kwenye hatua ya ishirini na tano, na programu za zamani hazikuona mbali hivyo. Zikiachwa peke yake, zilitoa malkia mapema na kukimbilia pioni ya bure, huku kete zingine zimelala nyuma.

Basi watengenezaji walitafuta dawa: waliziwekea kitabu. Si cha karatasi. Ni orodha ya hatua zilizochezwa na watu hodari, imewekwa ndani ya programu. Mchezo ukifuata orodha, mashini inasoma tu. Ukitoka nje ya orodha, ndipo inaanza kuhesabu. Kwa hiyo ule ujuzi wa mwanzo uliowashangaza watu ulikuwa ni kumbukumbu ya watu wenyewe.

Jambo hilo lilimgharimu bingwa wa dunia. Mwezi wa tano 1997, kule New York, Garry Kasparov alicheza michezo sita na Deep Blue, mashini ya kampuni ya IBM iliyoweza kuangalia kama milioni 200 za hali za mchezo kwa sekunde moja. Kasparov alijua habari ya kitabu. Katika mchezo wa tatu alianza kwa kusukuma pioni ya mbele ya malkia nafasi moja tu, kitu ambacho mabingwa hawafanyi mara nyingi, kusudi aitoe mashini nje ya orodha yake. Mchezo uliisha sare.

Tarehe 11, mchezo wa mwisho, mambo yaligeuka. Kasparov alichagua ulinzi unaoitwa Caro-Kann, na kwenye hatua ya saba akasogeza pioni ya pembeni, ile ya mbele ya ngome. Hapo Deep Blue ikatoa farasi wake kwa pioni moja. Programu za wakati ule zilikuwa na uchoyo; kutoa farasi bila faida ya haraka haikuwa tabia yao. Lakini hatua hiyo haikutoka kwenye hesabu. Ilikuwa imeandikwa kitabuni na timu ya watu, ambayo ilikuwa na bingwa Joel Benjamin ndani. Kisha hatua 19 Kasparov akakubali kushindwa, na mashini ikamaliza na pointi 3,5 kwa 2,5. Magazeti yakasema mashini imeshinda mtu. Kwa mchezo ule wa mwisho, ingefaa kusema pia kwamba watu walishinda mtu, wakipitia mashini.

Hali ilibadilika miaka 20 baadaye. Mwezi wa 12 mwaka 2017, DeepMind, kampuni ya London, ilionyesha AlphaZero. Haikupewa kitabu wala mchezo wa mtu yeyote. Ilipewa kanuni tu, ikacheza na yenyewe mara mamilioni. Peke yake ilifikia fungulio ambazo watu walitafuta kwa mamia ya miaka, na zingine, sawa ulinzi wa Kifaransa, ilizijaribu kisha ikaziacha. Iliishinda Stockfish michezo 28, sare 72, bila kupoteza hata mmoja. Lakini wajuzi walilalamika, na walikuwa na haki: Stockfish ilicheza bila kitabu chake.

Leo programu zimekuwa hodari mno mwanzoni. Katika shindano la TCEC, la programu peke yake, watu ndio wanazichagulia namna ya kuanza, na kila mwanzo unachezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi. Zikiachiwa uhuru, karibu kila mchezo ungekuwa sare.

Kwa kijana anayejifunza kwenye simu, hatari iko kwenye ile namba ndogo ya pembeni. Programu ikiandika 0,3, inasema mweupe yuko mbele kwa kipande kidogo cha pioni, akicheza vizuri sawa mashini hadi mwisho. Hakuna mtu anayecheza hivyo. Kukariri hatua kumi juu ya namba hiyo ni kurudia kosa la programu za zamani: adui akitoka nje ya orodha, kijana anabaki bila la kufanya. Walimu wengi wanashauri kucheza kwanza kwa akili yako, kisha kuuliza mashini mchezo ukishaisha: ni wapi nilianza kupotea, na kwa nini?