Vijumbe vya Kinga na Seli T katika Ukurutu wa Mzio

Jina «interleukini» lilipendekezwa mwaka 1979 katika mkutano wa wataalamu wa kinga uliofanyika Ermatingen, Uswisi. Limeundwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya «baina ya» na neno la Kigiriki lenye maana ya «nyeupe»: yaani, protini zipelekazo habari baina ya chembe nyeupe za damu. Ukurutu wa mzio waonyesha kuwa jina hilo ni finyu kuliko kazi yenyewe.

Katika maradhi haya, mara nyingi ngozi ndiyo itangulizayo habari. Ikikauka na kupasuka, seli zake za juu hutoa vijumbe, miongoni mwao TSLP na interleukini-33. TSLP huziamsha seli za dendriti, nazo husafiri hadi kwenye tezi za limfu na kukutana na seli T zisizopata bado kazi maalumu. Huko, interleukini-4 huzielekeza kuwa seli T saidizi za aina ya pili, aina ambayo Mosmann na Coffman waliibainisha katika panya mwaka 1986.

Seli hizo huja ngozini na kutoa vijumbe vyao wenyewe. Interleukini-4 na interleukini-13 hupunguza filagrini, protini iimarishayo ukuta wa ngozi, tena huzichochea seli B kuunda kingamwili IgE. Interleukini-31 hugusa mishipa ya fahamu na kuleta mwasho. Mgonjwa hujikuna, ngozi hupasuka zaidi, na TSLP hutolewa tena.

Mzunguko huo waweza kukatwa. Interleukini-4 na interleukini-13 zina sehemu ya kipokezi wanayoitumia kwa pamoja. Dawa ya dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ukurutu wa mzio, huiziba sehemu hiyo.

Istilahi hapa si pambo. Neno «ukurutu» peke yake huchanganywa na upele wa kuambukiza, na mtoto aweza kutengwa na wenzake bila sababu, ilhali ukurutu wa mzio hauambukizi. Yafaa basi sifa «wa mzio» isiachwe. Vivyo hivyo, «kijumbe cha kinga» chafaa kuziita protini hizi zote: kijumbe ni atumwaye baina ya pande mbili, wala neno halimfungi mtumaji wala mpokeaji kuwa chembe nyeupe.